Barua ya wazi kwa Mheshimiwa DC: mpaka wa hifadhi uko wapi hasa?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, shikamoo, na pole na majukumu. Najua barua za namna hii hazikupendezi na taratibu zipo, kijiji, kata, halmashauri, huko kote nimeshapita na kila meza naambiwa "mama sisi sio wahusika", kwa hiyo leo naandika hadharani labda mhusika atajitokeza mwenyewe.

Juzi vijana wa kupima barabara wamekuja na kopo la rangi. Jiko langu likapigwa X nyekundu, nyumba ya jirani yangu ng'ambo tu ya mkuyu ikapigwa ya kijani. Unajua vizuri kuliko mimi, kijani ni fidia, nyekundu ni umevamia jitoe. Nikauliza kulikoni, kijana akafungua kishikwambi chake akanionyesha mstari, "hapa mama upo ndani ya hifadhi ya wanyama". Mimi ndani ya hifadhi! Wakati kigingi cha hifadhi, kile cha zege chenye namba, kipo kule bondeni hata ukipiga kelele hakuna wa kukusikia, na ramani ya kijiji tuliyopewa na cheti cha ardhi inasema mpaka ni mto. Ramani tatu mheshimiwa, mipaka mitatu, jiko moja.

Mdogo wangu aliyesomea upimaji anasema inawezekana ni hivi, ramani za zamani zilichorwa kwa mfumo wa kupimia mahali unaitwa Arc 1960 na hivi vifaa vya siku hizi vinatumia WGS84, ukichukua namba za huku ukazibandika kule bila kuzigeuza mstari unahama kama mita 300. Sijui kama ndo kilichotokea, na wengine kijijini wana maneno yao kuhusu nani anapunguziwa gharama za fidia, hayo nayaacha kwao. Ila mita 300 ndo mimi, ndo shamba langu na kaburi la mume wangu.

Sasa hapa ndo nashindwa kuelewa naomba unieleweshe. Hii barabara ya Natta, Mugumu, Loliondo hadi Mto wa Mbu tumeisikia miaka yote, 2010 dunia nzima ilipiga kelele kwamba itakata njia ya nyumbu wanaohama, 2011 serikali ikawaambia UNESCO kile kipande cha kilomita 53 ndani ya Serengeti hakitawekwa lami, 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ikazuia lami humo. Sawa, nyumbu wamesikilizwa na sina ugomvi nao. Lakini kama jiko langu lipo hifadhini basi na hiyo lami yenu inayopita mbele ya jiko ipo hifadhini, si ndo ilikatazwa? Na kama lami inaruhusiwa kufika pale maana yake pale ni kijijini, basi fidia yangu iko wapi? Haiwezekani mkatumia ramani moja kuninyima hela alafu mkachukua nyingine kupitisha greda.

Na hii sio mara ya kwanza. Tembo walipomaliza mahindi nikajaza fomu za kifuta jasho, jibu likaja eneo lako ni la hifadhi hulipwi. Michango ya madarasa ikija mimi ni mwanakijiji halali, jina langu linasomwa la kwanza kabisa. Sasa hivi na X ile siwezi hata kubadilisha bati linalovuja, naambiwa ukiendeleza ni hasara yako, mvua hizi tunapika tumefunika sufuria na ndoo juu.

Mwaka 2019 serikali ilitangaza vijiji 920 kati ya 975 vyenye migogoro na maeneo ya hifadhi na mengineyo vibaki, tukapiga vigelegele. Na wewe mwenyewe mheshimiwa kwenye mkutano pale shuleni ulisema wataalamu watakaa meza moja "haraka iwezekanavyo", nilikuwa mstari wa mbele na nikakupigia makofi. Labda meza ndo haijapatikana, tunayo moja hapa kijijini tunaweza kuazima.

Sidai mengi. Wale wa hifadhi, wale wa barabara na wale wa ardhi waje siku moja, sio kila mmoja na siku yake, watembee mpaka na sisi tukiwepo, alafu ramani moja yenye GN yake, yaani tangazo la serikali, na muhuri ibandikwe ofisi ya kijiji kila mtu aione. Mpaka hapo rangi isimame na greda lisiwashwe. Ramani moja tu mheshimiwa. Ikionyesha nipo ndani nitaisoma mwenyewe na nitahama, ila iwe ni hiyo hiyo mtakayopitishia barabara.

Mimi mwananchi wako,
Mama wa mpakani, Mara