Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Hesabu atazisoma Mweka Hazina, na habari za misiba na wagonjwa Katibu amekwishawatumia. Mimi nitazungumzia ile bahasha, maana najua minong'ono haijaisha.

Mwezi Machi tulimwalika mbunge wetu wa jimbo la Texas kwenye karamu ya chama. Baadhi yenu mlichangishana, mkatia hundi kwenye bahasha. Msaidizi wake aliirudisha palepale, na meza za nyuma zikasema tumedharauliwa. Hatukudharauliwa. Kosa ni langu, sikuuliza mapema.

Sheria ya Texas inawakataza wabunge, maseneta na gavana kupokea michango ya siasa tangu siku 30 kabla ya kikao cha kawaida cha bunge la jimbo hadi siku 20 baada ya kikao hicho kufungwa. Safari hii kikao kilianza Januari 14, kikaisha Juni 2. Kwa hiyo sisi na bahasha yetu ya Machi tulikuwa katikati kabisa ya marufuku. (Nyumbani mgeni rasmi ndiye huja na bahasha. Huku ndiye hutegewa.)

Anayeona sheria hii ni maringo amkumbuke Bo Pilgrim, tajiri wa kuku. Mwaka 1989 aliingia Seneti ya Texas pale Austin akawagawia maseneta hundi za dola 10,000, nafasi ya jina la mpokeaji ikiwa tupu, huku wakisubiriwa kuamua juu ya fidia ya wafanyakazi wanaoumia kazini. Wala hakuvunja sheria ya wakati ule. Na kile kilikuwa kikao maalumu, yaani cha kuitishwa na gavana nje ya kile cha kawaida, ambacho marufuku ya leo bado haikigusi! Kiangazi hiki Gavana aliitisha viwili.

Linalonitia hofu zaidi ni jingine. Chama chetu kimesajiliwa kama shirika, hivyo hakiruhusiwi kumchangia mgombea mwezi wowote. Na asiye raia wala mkaazi wa kudumu, sheria ya shirikisho inamzuia kutoa hata senti moja. Wangapi kati yetu bado tunasubiri makaratasi?

Kamati imeamua: hakuna tena bahasha za siasa kwenye shughuli za chama. Anayeruhusiwa na sheria atoe kwa jina lake, nje ya siku za marufuku. Barua ya kumwomba mbunge apeleke hoja ya kuvibana pia vikao maalumu iko mezani kwa Katibu, anayeiunga mkono atie saini.

Hundi za Machi zingali kwa Mweka Hazina. Wenyewe wazichukue kabla ya chakula.