Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama Chetu cha Sanaa, Lamu

Ndugu wanachama, Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwaka huu tuliuanza kwa azimio moja, kwamba kila kazi yetu itokane, kwa sehemu yake kubwa, na kitu kilichokwisha kufa au kutupwa katika visiwa hivi: ubao uliong'olewa na mafundi wa Matondoni wakitengeneza jahazi, tanga lililochakaa, miyaa iliyobaki kwa wasusi wa mikeka, au gome la mkoko. Sababu yake mnaijua. Katika aya ya 39 ya Surat Fussilat Mwenyezi Mungu anatuonyesha ardhi iliyonyauka, ambayo akiiteremshia maji husisimka na kumea, na anatukumbusha kwamba aliyeihuisha ardhi hiyo ndiye atakayewahuisha wafu. Tulitaka mikono yetu ifanye kazi karibu na maana hiyo.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya mama mmoja miongoni mwetu, aliyeshonea ukili wa miyaa pembezoni mwa kipande cha tanga kuukuu, akakitia wekundu wa magome ya mkoko yaliyochemshwa, kisha akabandika katikati mche mmoja mkavu wa mkoko. Mkoko huotesha mbegu yake ingali inaning'inia kwenye mti mama, na mche ule mrefu huanguka topeni ukiwa tayari kushika mizizi. Kwa watu wa Lamu, ambako ndiko kwenye sehemu kubwa zaidi ya mikoko ya Kenya, kazi hiyo haikuhitaji maelezo. Nilimwona mzee mmoja akisimama mbele yake muda mrefu, kisha akaondoka akimtaja Mola wake.

Suala lililotuchukulia vikao vingi ni kama inafaa kuandika aya juu ya mbao zilizookotwa pwani. Waliounga mkono waliwataja waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, ambao katika karne ya 18 na ya 19 walizipamba kurasa zao kwa nakshi za majani na maua, wakasema kwamba mimea haijawahi kuwa mgeni kando ya maneno matukufu. Waliopinga walisema, na mimi nilikuwa upande wao, kwamba ubao wa jahazi umekanyagwa na kubeba kila aina ya uchafu. Tuliwaendea walimu wetu, na tukakubaliana kwamba aya ziandikwe kwenye karatasi safi peke yake, na vitu vya pwani viachwe viseme kwa umbo lake kila kimoja. Naona uamuzi huu umetunoa, kwa sababu sasa hatuwezi kuegemea maandishi pale ambapo mpangilio wenyewe ni dhaifu.

Lazima pia nieleze hasara, kwa kuwa aliyeharakisha ni mimi. Mbao za mwanzo zilibandikwa kabla ya kutolewa chumvi, na ulipoingia unyevu wa kusi chumvi ikavuta maji, gundi ikaachia na karatasi zikavimba. Tangu hapo tunaloweka kila ubao katika maji matamu, tukiyabadilisha mara kwa mara, na kuuanika kivulini. Kwa kuwa maji ya kisiwa chetu hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela na hayafai kumwagwa ovyo, tulikinga mvua ya masika mapipani. Nilifurahi kuona mvua hiyo hiyo iliyotajwa katika aya ikisafisha mbao zetu.

Kuhusu fedha, mweka hazina atasoma hesabu kamili. Ada zilitosheleza gundi, uzi na nauli za mashua.

Mwaka ujao napendekeza tujifunze kuchoma na kuozesha chokaa kwa mafundi wa nyumba za kale, ili lipu ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani, iwe sehemu ya kazi zetu kabla ujuzi huo haujatutoka. Mbao za masika zimekauka na zimepangwa uani. Mwanachama anayezihitaji aje achague kabla ya Ijumaa.