Ncha tatu za pembe: barua kwa Baba Neema

Lancaster, Pennsylvania
Desemba

Baba Neema, ndugu yangu,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama Neema na watoto wote. Sisi huku wazima, ila baridi imeshaanza kutuonyesha ubabe wake. Uliniuliza kwa nini Wamarekani wanagombana juu ya pembe za mnyama wakati nyama ipo. Wewe umekuwa skauti wa wanyamapori Selous miaka mingi, kwa hiyo sitakujibu kwa mistari miwili.

Mnyama tunayemwinda hapa ni kulungu mwenye mkia mweupe. Dume huangusha pembe zake kila mwaka baada ya msimu wa kupandana, kisha huota nyingine, na kadiri anavyokomaa ndivyo zinavyozidi kutoa matawi. Zamani hata dume mwenye kijipembe kimoja cha inchi tatu alikuwa halali kupigwa. Matokeo yake, katika kila madume kumi waliouawa, wanane hivi walikuwa wa mwaka mmoja na nusu tu. Dume mzima alikuwa adimu. Mwaka 2002 Pennsylvania Game Commission, yaani mamlaka ya wanyamapori ya jimbo, ikaweka kanuni mpya: pembe ya upande mmoja iwe na ncha zisizopungua tatu, kila ncha isiwe fupi kuliko inchi moja. Magharibi mwa jimbo zikatakiwa ncha nne. Tangu 2011 huko zinahesabiwa tatu, bila ile ya chini iliyo juu ya jicho. Watoto wanaojifunza kuwinda hawabanwi na kanuni hii, na hilo nalipenda sana.

Sasa jiweke pale. Ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umevaa kofia na fulana ya rangi ya chungwa kali kama sheria inavyotaka, bunduki iko mapajani. Dume anatoka kichakani, kichwa chini, ananusa njia aliyopita jike. Pembe unaziona. Lakini ile ya tatu ni ncha, au ni kitawi cha mti ulio nyuma yake? Unainua darubini, pumzi yako inaitia ukungu. Unafuta kwa kidole, yeye ameshageuza shingo. Kama huna hakika, unamwacha aende zake. Ndiyo kanuni yote ilivyo, na ndipo wengine wanapokasirika, maana mtu amechukua likizo ya siku chache kiwandani na friza yake ni tupu.

Kambini kwetu, kule Kaunti ya Potter, kuna mzee aliyeanza kuwinda akiwa kijana mdogo. Yeye anasema pembe haziliwi, na kwamba serikali inamlazimisha mtu wa kawaida kuwa mwindaji wa nyara. Namheshimu, lakini kwa hili nampinga na ameshanisikia nikimpinga. Siku hizi madume wengi wanaopigwa jimboni, kama theluthi mbili hivi, wana umri wa miaka miwili na nusu au zaidi. Mnyama yule yule uliyemwacha mwaka jana anarudi akiwa na mwili mkubwa na nyama zaidi. Huyo mzee mwenyewe mwaka huu amemtoa dume ambaye ilibidi tumburute watu wawili hadi barabarani.

Ila nikwambie ukweli, ugomvi wenyewe haukuwa wa pembe. Ulikuwa wa majike. Mwisho wa karne ya 19 kulungu walikuwa karibu kwisha katika jimbo hili. Mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya kulinda majike, idadi ikapanda, na babu wakawafundisha wajukuu kwamba mwanamume haui jike. Likawa kama suala la dini. Baadaye kulungu wakazidi hadi wakawa wanakula kila mche wa msitu. Kuna mahali wataalamu wameweka uzio wa waya porini. Nenda ukaone, Baba Neema: ndani ya uzio miche ya mialoni inakufika kiunoni, maua yapo, kijani kimejaa. Nje, hatua moja tu, ni magugu ambayo kulungu hawayali, na juu yake miti mizee isiyo na warithi. Mimi nilipoona hivyo sikuhitaji mhadhara.

Mtu aliyebeba mzigo wa kuwaeleza watu hayo anaitwa Gary Alt, mtaalamu aliyekuwa amejipatia jina kwa kazi yake na dubu. Alizunguka jimbo zima, ukumbi baada ya ukumbi, akisema mambo mawili kwa pamoja: waacheni madume wachanga wakue, na punguzeni majike. La kwanza wengi walilimeza. Kwa la pili alitukanwa na kutishiwa, chama kimoja cha wawindaji kikaenda mahakamani, na mwisho wa 2004 akaacha kazi. Naamini alikuwa sahihi. Tena naona aibu kwa niaba ya wawindaji wenzangu kwamba mtu alipaswa kuogopa kwa sababu ya kusema msitu unaliwa.

Lakini malalamiko ya yule mzee yana kiini. Tangu 2003 jimbo limegawanywa upya katika maeneo ya usimamizi, na kila eneo lina idadi yake ya leseni za majike. Vitongoji vya karibu na Philadelphia kulungu wanakula bustani za watu na kugongwa na magari usiku. Kule kaskazini milimani unaweza kukaa kutwa nzima kwenye theluji usione mkia. Mtu wa kaskazini akiambiwa kulungu ni wengi mno, anahisi anadanganywa. Alitakiwa aelezwe hali ya msitu wake mwenyewe, siyo ya jimbo zima.

Na sasa limekuja jambo linaloninyima usingizi. Kuna ugonjwa wa ubongo wa kulungu, wanauita CWD, uliogunduliwa hapa Pennsylvania mwaka 2012. Mnyama anakonda, anadondokwa na mate, anakufa; hauna tiba wala chanjo. Hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini katika maeneo yenye ugonjwa tunashauriwa kupima kabla ya kula, na yapo makasha makubwa ya chuma ambamo unaacha kichwa cha mnyama kikapimwe. Madume waliokomaa ndio wanaopatikana nao zaidi, na madume ndio wanaotembea mbali. Unaona tatizo? Kanuni ya ncha inawalinda hadi wakomae. Jimbo la Missouri, lililoanza na ncha nne mwaka 2004, liliiondoa kanuni hiyo katika kaunti zenye ugonjwa. Nami naona na sisi tufanye vivyo hivyo palipo na ugonjwa, na kwingine tuiache kanuni kama ilivyo. Nikilisema hili kambini pande zote mbili zinaninunia.

Texas wao katika kaunti nyingi wanapima upana: nafasi kati ya pembe iwe angalau inchi 13, na mwenye pembe isiyo na tawi anaruhusiwa kupigwa. Wanasema ukihesabu ncha peke yake utawamaliza wachanga wenye pembe nzuri na kuwaacha dhaifu. Hoja hiyo ina uzito.

Sasa nami nina swali. Huko nyumbani simba wa kuwindwa sharti awe na umri wa miaka 6 au zaidi. Ninyi mlikuwa mnamkadiriaje akiwa hai, kwa mbali? Mlitazama manyoya, pua au makovu? Na mteja aliyelipa pesa nyingi akishang'ang'ania kupiga, skauti alikuwa na nguvu gani ya kumzuia? Niandikie kwa kirefu, nataka kumsomea mzee wangu wa Potter.

Msalimie mama mkwe, na Neema mwambie baba mdogo anamkumbuka.

Ni mimi nduguyo,
Baba Tumaini