Mwambie Mjomba asiuze kerezo

Beijing, 22 Aprili

Shoga yangu,

Asalaam aleikum. Za siku nyingi, za watoto, za shemeji? Mimi mzima, baridi imetuachia. Najua ulinipigia mara mbili siku za arubaini ya Bibi na sikupokea. Nisamehe, nitakueleza. Ila jana wifi yako kanitajia kwamba Mjomba anatafuta mteja wa kerezo lake, ile mashine yake ya kukerezea mbao, eti hakuna tena anayetaka vitanda vya miguu ya kukereza. Sikulala. Tafadhali mwambie asiuze, walau mpaka nirudi mwezi wa saba. Nina kazi yake.

Mwezi wa kwanza hapa maji ya mferejini yalikuwa jiwe. Nilikuwa naamka, natazama ukuta, nalala tena. Simu naiona inaita, mkono haunyanyuki. Msiba ulinikuta peke yangu, sina hata mtu wa kunishika bega. Asubuhi moja nikajikokota hadi bustani ya Tiantan, penye lile hekalu la mwaka 1420, nikasikia mvumo. Shoga, ulikuwa mvumo wa zile pia za kuchezea alizotukerezea Mjomba, zinapokolea kasi kwenye sakafu ya karakana! Nikaufuata kati ya miti mpaka nikamkuta mzee mmoja, kofia ya manyoya kichwani, anatembea polepole kwa kuzunguka, na kitu kinaimba mbele ya kifua chake.

Wanakiita kongzhu, yaani mwanzi mtupu. Piga picha ya visahani viwili vinene vya mwanzi, vitupu ndani, vimeungwa kwa kiuno chembamba cha mti, na ukingoni vimetobolewa vitundu. Upepo ukiingia kwenye vitundu, kinalia. Ni pia ile ile, ila haigusi chini: inazungukia juu ya uzi uliofungwa kwenye vijiti viwili, kimoja kila mkono. Yake mzee ilikuwa na kisahani kimoja tu, upande wa pili mtupu, ndiyo maana alikuwa akizunguka: ile haikai mahali, inageuka taratibu na mchezaji lazima aifuate.

Nilirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya nne akanipa vijiti.

Mimi nimeanza na ya visahani viwili. Unailaza chini, uzi upite chini ya kiuno, unaiburura kutoka kulia kwenda kushoto ibiringike, kisha unainyanyua. Hapo mkono wa kulia ndio unaopiga kazi: juu, juu, juu, na wa kushoto unaufuata tu kwa kulegea. Wiki mbili nzima nilivuta kwa mikono yote miwili, ikawa inayumba na kudondoka. Mzee akanishika kifundo cha mkono wa kushoto, akautuliza kama anavyotulizwa mtoto, akasema manman lai. Ni pole pole yetu hasa.

Ikiinamisha uso wake wa upande wangu, nausogeza mkono wa kulia mbele kidogo. Ikiinamia kule, naurudisha kwangu. Kidogo sana, upana wa kidole. Sasa nairusha juu ya kichwa na kuidaka kwenye uzi nilioutanua. Na juzi nimeweza ya kupanda: unaizungushia uzi kiunoni mara moja, unausimamisha wima na kuukaza, nayo inapanda yenyewe kama mgema anayeuparamia mnazi. Mzee alipiga makofi akaita wenzake waje kuona. Nililia pale pale. Nilimlilia Bibi, naona, miezi yote ile sikuwa nimemlilia.

Za madukani sasa ni plastiki, zina beringi kiunoni, zinazunguka muda mrefu. Lakini nyingi hazina sauti ya maana. Mzee hazitaki. Anapenda kutukumbusha kwamba mwaka 2006 mchezo huu uliingizwa kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa lao, halafu anaigonga yake ya mwanzi kwa ukucha tuisikilize.

Basi nikiisikiliza hiyo namfikiria Mjomba. Mkono uliokereza pia isiyotikisika unashindwaje na kiuno cha kongzhu? Visahani navyo, nawaza, kwa nini visiwe vifuu vya nazi? Ni vyepesi, vitupu, na tayari vina umbo. Pande mbili tu zilingane uzito, maana zikipishana inainama muda wote. Nimeipima ya mzee na kuichora kila upande, michoro nakutumia kwa simu leo usiku.

Huku manyoya ya miti yanaruka barabarani kama sufi, kila asubuhi nadhani niko uani kwenu.

Niambie: Mjomba keshapata mteja au ni maneno tu? Ana deni? Kama ni deni ni kiasi gani, usinifiche. Mgongo wake vipi? Bado anacho kipande cha mti mwepesi mkavu, wa mkangazi labda? Wanao wanajua pia ni nini, au hawajawahi kuiona ikizunguka? Na kaburi la Bibi, mmeshalijengea? Nani alisoma dua?

Nijibu upesi, hata kwa sauti. Safari hii nitapokea.

Wako,
Shoga yako wa mbali