Njia ya baiskeli ipo, ila kuna gari imepaki

Mhariri,

Habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, najua mnapenda barua fupi ila hii itarefuka kidogo mnivumilie, mi sio mwandishi, mi nauza mayai.

Nayabeba kwa baiskeli. Trei 12 nyuma kwenye keria nimezikaza na mpira wa tyubu, trei moja ina mayai 30 kwahiyo ni mayai 360 yananifuata mgongoni kila asubuhi kasoro Jumapili, natoka nayo Kimara hapa Dar saa kumi na moja na nusu kabla hakujapambazuka, nateremka na Morogoro Road, Baruti, Kona, Kibo, Ubungo, halafu nanyoosha Shekilango, Urafiki, Manzese mpaka Magomeni Mapipa kwa mama ntilie na vijana wa chipsi. Mwaka wa sita huu. Kama umewahi kula chipsi mayai Manzese, lile zege ulilokula inawezekana kabisa lilipita kwenye keria yangu.

Sasa wiki iliyopita Alhamisi nilichelewa, tairi ya nyuma ilikua na pancha, nikajikuta nipo Shekilango saa mbili asubuhi muda ambao mimi huwa nishamaliza. Hapo ndo nikagongwa. Sio kugongwa kwa kulazwa, namshukuru Mungu, ni saiti mira ya Noah ilipita ikakwangua trei mbili za juu, nikayumba, mguu ukagusa lami, nikasimama. Mayai chini yote, ute unatambaa kwenye lami, na magari yanayokuja nyuma yanakanyaga na kupiga honi kana kwamba mi ndo nimeamua kukaanga pale katikati ya barabara.

Dereva alisimama, hilo nampa, wengi huwa hawasimami. Akashuka anafoka, "We mzee huoni njia ya baiskeli ile pale? Mmejengewa njia yenu bado mnakuja kutubana huku!" Ananionyesha na kidole. Na mimi nikafuata kidole chake. Pale alipoonyesha palikua na pikipiki za bodaboda kama nane, mbele ya pikipiki meza ya matikiti, mbele ya meza gari ndogo imepaki boneti iko wazi fundi kainamia, na mwisho kabisa, tairi mbili juu ya njia ya baiskeli tairi mbili chini, ipo Noah. Ya kwake. Amepandisha pale ili aje anigombeze vizuri kwanini sipiti pale.

Watu walicheka mpaka muuza matikiti akaacha kisu. Na yeye mwisho akacheka, akatoa elfu kumi, haifiki bei ya trei mbili ila niliichukua, tukaachana kwa amani. Lakini nimekaa nalo hilo jambo wiki nzima ndo maana naandika.

Ile njia haijachorwa jana. Ilikuja na mradi wa mwendokasi awamu ya kwanza, mabasi yaliyoanza kubeba abiria Mei 2016, karibu kilomita 21 kutoka Kimara mpaka Kivukoni na yale matawi ya Kariakoo na Morocco. Kila mtu alipimiwa chake, basi katikati, magari pembeni, baiskeli na waenda kwa miguu kando kabisa. Mwaka 2018 Dar ikapewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu kwa ajili ya kazi ile, na mi nasema ilistahili, miaka ya nyuma barabara hiyo hiyo baiskeli ilikua inapita mchangani kwenye mitaro, unashuka unasukuma. Kwahiyo silalamiki kwamba hatukujengewa. Tulijengewa. Tatizo limekuja baada ya utepe kukatwa.

Angalia utaona. Njia ya basi ina ulinzi, ukiingiza gari lako trafiki anakusubiri mbele. Njia ya magari inajilinda yenyewe, nani mwenye akili timamu ataweka meza ya matikiti mbele ya fuso? Ya baiskeli ndo haina mlinzi na haimtishi mtu, kwahiyo kila kitu kilichokosa pa kukaa kinakuja kukaa hapo. Tofali za mtu anayejenga, mchanga, pikipiki, magari ya wateja wa maduka, mabango, mama na jiko lake. Na pale inapokatika kwenye makutano hakuna anayekuambia uende wapi, unafika mwisho wa kerbu inashuka ghafla, unajikuta upo katikati ya magari yanayokata kushoto bila indiketa, unaomba dua unavuka.

Hapa kwenye meza na majiko nisieleweke vibaya. Wale waliokaa juu ya njia yangu nusu yao ni wateja wangu. Mwishoni mwa 2021 walipopangwa na kuondolewa pembeni ya barabara, njia ikawa nyeupe peee, nilikua napita kama bwana harusi, na wiki hizo hizo mauzo yangu yakashuka karibu nusu kwasababu vijana wa chipsi hawapo, na wengine mpaka leo sijui walienda wapi na madeni yangu. Kwahiyo mtu akiniambia "wafukuzwe" mi namwangalia tu. Baadae wakarudi mmoja mmoja, njia ikaziba, mauzo yakapanda, na mimi nikarudi kubanana na magari. Ndo maisha yangu hayo, nikifurahi njiani nalia sokoni.

Ila ukikaa ukatafakari unaona kitu cha ajabu. Mwenye baiskeli, mama ntilie, bodaboda, mwanafunzi anayetembea, mzee na fimbo yake, wote hao tunagombania kaukanda kamoja ka pembeni, tunatukanana wenyewe kwa wenyewe, na hakuna hata mmoja wetu anayeinua macho akaangalia upana uliobaki. Gari moja iliyopaki inakula nafasi ya meza mbili na baiskeli tano, na mwenyewe yuko ndani ofisini mpaka saa kumi jioni. Kabla hujamgusa muuza matikiti, mi naomba aanze kuguswa huyo. Vigingi vya zege viwekwe kwenye kila mdomo wa ile njia, vya karibu karibu, baiskeli ipite gari isipite, hata huyo mlinzi hutamhitaji. Sehemu nyingine vimeng'olewa na havijarudi. Kigingi ni bei gani jamani ukilinganisha na daraja?

Najua na sisi tuna yetu. Kuna wenzangu wanapanda giza totoro hawana taa wala reflekta, amevaa shati jeusi, halafu anakuja upande usio wake anakutana na magari uso kwa uso. Wengine wanaingia njia ya mwendokasi kwasababu ni tambarare na haina foleni, na mimi nimewahi kuingia sitawadanganya, mara mbili, mara ya pili lile basi refu la mita 18 lilinipitia ubavuni nikahisi upepo wake unanivuta, nikashuka nikakaa chini kwenye kerbu kama dakika kumi. Sijarudia. Anayepita kule akikamatwa akipigwa faini simtetei. Ila ujue pia kwanini mtu anaamua kuingia kule, haingii kwa ujeuri tu, anaingia kwasababu huku magari yanamchomekea, pembeni daladala na bajaji zinatanua, na njia yake ina matikiti.

Na mwendo. Hili la mwendo madereva hawapendi kulisikia. Mjini humu mwisho ni 50, lakini ukishapita foleni ya Ubungo asubuhi mapema barabara ikiwa wazi nani anaenda 50? Shirika la Afya Duniani wanasema gari likitoka 50 likafika 65, hatari ya mtembea kwa miguu kufa akigongwa inapanda mara nne na nusu. Kilomita 15 tu hizo za kuongeza, dereva anaona kama kakanyaga mafuta kidogo. Na shirika hilo hilo linasema duniani wanakufa barabarani watu kama milioni 1.19 kwa mwaka, zaidi ya nusu ni wa miguu, wa baiskeli na wa pikipiki, yaani sisi ambao hatuna bati la kutukinga. Mi nina mayai mgongoni basi.

Nikiongea hivi kuna mteja wangu mmoja pale Mapipa, mtu msomi, huwa ananijibu "Hapa sio Uholanzi." Siku moja nikamuuliza kwani Uholanzi walizaliwa na hizo njia? Maana mtoto wangu alinisomea kwenye simu, kumbe mwaka 1971 walikufa huko zaidi ya watu 3,000 barabarani, watoto peke yao zaidi ya 400, magari yalikua yamejaa kila kona na baiskeli zinafukuzwa kama huku kwetu, ndo wazazi wakaingia mitaani kuandamana, na serikali ikaanza kuzitengea baiskeli nafasi. Na hapo karibu Kigali tangu 2016 kuna Jumapili wanafunga baadhi ya barabara, magari hayapiti, watu wanakimbia na kuendesha baiskeli. Yule mteja akaniambia niweke mayai niondoke.

Mi nimekulia Kahama, na huenda ndo maana naona vitu tofauti. Kule baiskeli ni daladala kweli, abiria anakaa kwenye keria yenye mto laini, unampeleka sokoni, hospitali, stendi, mama kavaa vitenge vyake vya harusi kakaa upande na hakuna anayemcheka. Baba alikua na Swala, hizo baiskeli zilitengenezwa hapa hapa Dar na kiwanda chetu cha NABICO, yaani nchi hii ilishawahi kuunda baiskeli zake yenyewe, vijana wa leo ukiwaambia wanadhani unawatania. Alikua anaipaka mafuta kila Jumamosi jioni na ukiigusa bila ruhusa unachapwa. Nilivyokuja Dar ndo nikajifunza kwamba baiskeli ni aibu. Konda anakupigia bodi la gari akupite, mtu anashusha kioo anakwambia "nunua gari", hata mwanangu mwenyewe alipokua darasa la sita aliniomba nisimfuate shule na baiskeli nimfuate kwa miguu. Nilienda kwa miguu.

Na hii ya aibu mi naona ndo mzizi wa kwanini njia haina mlinzi. Wanaopanga wanajua sisi ni wapiti njia tu, kwamba yule akipata hela kidogo atanunua bodaboda, akipata zaidi atanunua gari ndogo ya IST, kwahiyo ya nini kumhangaikia? Lakini sio kila mtu anahama. Mi nikinunua pikipiki mafuta yanakula faida yote ya mayai, nimeshapiga hesabu mara nyingi kwenye daftari na haijawahi kutoka vizuri. Na wapo walinzi wanaotoka lindo saa kumi na mbili, mafundi wenye sanduku la vifaa, wauza kahawa, wauza mikate, tunajuana kwa kengele kule alfajiri, sisi tupo na tutakuwepo.

Sasa mwendokasi umeenda Kilwa Road, Nyerere, Bagamoyo, barabara zinapanuliwa. Na huku juu kwetu kuanzia Kimara mpaka Kibaha imekua njia nane, kilomita 19 na kitu, pazuri kweli kweli ila magari yanakimbia kama yanafukuzwa. Ombi langu kwa wahusika sio kubwa. Msituletee semina ya reflekta, reflekta ninayo, nimeifunga hata kwenye trei. Kabla hamjachora njia mpya ya baiskeli huko Mbagala na Tegeta, mtu mmoja apewe ile ya Morogoro Road iwe kazi yake, ajulikane jina na namba ya simu ibandikwe pale kwenye nguzo, nikikuta gari imepaki nampigia. Na hawa wafanyabiashara wapimiwe mahali pao pembeni ya njia na mstari uchorwe, mbona bodaboda wakichorewa wanafuata.

Wanafuata kweli, nina ushahidi. Pale Manzese karibu na daraja la waenda kwa miguu kuna kijiwe cha boda kilikua kinaziba njia yote. Mwaka jana nilimfuata mwenyekiti wao, tukakaa kwenye benchi tukaongea, sio kwa ugomvi, nikamwambia mi napita hapa mara moja tu asubuhi. Tukakubaliana wanaacha upenyo, mita moja hivi, pikipiki wanazilaza upande mpaka nipite, na mimi kila nikipita nawaachia mayai mawili ya kuchemsha ya yule aliyekesha. Upenyo upo mpaka leo, sijawahi kuukuta umezibwa. Wenzangu wa mikate nao wameanza kupitia hapo hapo, mwenyekiti kaniambia idadi imeongezeka kwahiyo mayai yawe manne. Tupo kwenye mazungumzo.

Muuza mayai,
Kimara, Dar es Salaam