Barua ya wazi kwa shangazi: nimekuibia fundo la kanga

Shangazi, shikamoo.

Simu zangu hupokei tangu ile shughuli ya mwezi wa nne, na mambo ya ubwabwa sitaki kuyarudia. Basi naandika hapa hapa mbele za watu, maana najua wanao watakusomea. Jina lako silitaji. Atakayekujua atakuwa amekujua mwenyewe.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwenye usaili wa mchezo wa kuigiza. Usicheke. Ni kikundi cha watu wa mtaani tu, huku Kinondoni: mwalimu, fundi simu, dada wa saluni, mzee mmoja mstaafu wa bandarini. Hakuna anayelipwa. Wanakutana jioni kwenye ukumbi wa kukodi ambao feni moja inazunguka na ya pili inatishia tu. Mwaka huu wanataka kupandisha jukwaani kichekesho cha mauaji.

Najua umeshasema ni uchuro. Lakini wenzetu Uingereza wana mazoea na michezo ya namna hii. Wa Agatha Christie, The Mousetrap, ulianza London mwaka 1952 na bado unaendelea, ukiacha ile korona ya 2020 iliyousimamisha. Ule si wa kuvunja mbavu, ila mtego ni ule ule: watu wachache wamekwama nyumba moja, theluji imeziba njia, na muuaji ni mmoja wao. Sasa theluji Dar utaitoa wapi? Mwandishi wetu kafunga Jangwani. Mvua imenyesha, maji yamepanda barabarani, polisi wanapiga simu kwamba wamekwama Faya, na sebuleni Magomeni kamati ya harusi imebaki na maiti ya mweka hazina wake.

Michango haionekani. Na kila mtu ana sababu. Huyu aliahidi laki tano, akatoa elfu ishirini, jina lake likasomwa mbele ya wakwe. Yule alishalipia mapambo kwa hela yake na hajarudishiwa. Upelelezi anaubeba mjumbe wa nyumba kumi. Wewe uliyekuwa ukitusimulia habari za Bwana Msa, yule mpelelezi wa vitabu vya Muhammed Said Abdulla, unamkumbuka na kiko chake; huyu wetu anatafuna mswaki, na kila akiukaribia ukweli taya linasimama.

Usaili wenyewe ulianza kwa kufa. Kweli. Mmoja mmoja, unapewa kikombe kitupu, unakunywa, unakufa. Watu walikufa, shangazi! Kijana mmoja alipiga viti viwili teke kabla ya kukata roho. Dada wa saluni alikufa, akaamka kurekebisha wigi, akafa tena. Mimi nilikohoa sana, sijui kwa nini, sumu haina mafua. Aliyetushinda wote ni yule mzee wa bandarini. Alikunywa, akatulia, akahakikisha kikombe kimekaa sawasawa kwenye kisahani, akakigeuza kidogo mkono wake uelekee kwa mgeni, ndipo akainamisha kichwa. Akapewa umaiti palepale, akaambiwa alale kwenye mkeka tuendelee.

Ikaja kusoma skripti. Nilipewa mke wa mwenyekiti wa kamati. Mjumbe anamuuliza, "Mama, michango iko wapi?" naye anajibu, "Michango ipi?" Basi. Maneno mawili. Wenzangu waliyapigia kelele, mmoja akatoa macho. Mimi nikayasoma kama taarifa ya habari, kisha nikaongeza kacheko. Mwongozaji akanikata. "Dada, unajitahidi kuchekesha. Acha. Huyu mama hajui kama yumo kwenye kichekesho. Yeye yumo kwenye matatizo."

Nikabaki nimesimama pale, na mjini kote hakuna mtu niliyemkumbuka isipokuwa wewe, siku ya tatu ya msiba wa babu.

Nilikuwa na miaka tisa, nimeegemea mgongo wako. Baba mkubwa akasimama mbele ya watu akauliza hela ya sukari, elfu ishirini, alikabidhiwa nani. Hukushtuka. Ulivuta pindo la kanga, ukafungua fundo taratibu kama mtu anayemenya yai la moto, ukachungulia ndani kana kwamba hata wewe huna hakika utakuta nini. Ukalifunga tena. Ukalikaza kwa meno. Ndipo ukamtazama. "Sukari ipi?"

Bibi alijifunika uso, mabega yanamcheza, na hakuwa analia. Baba mkubwa akakaa. Sukari akanunua mtu mwingine.

Wakati ule sikujua kwamba ulishapanda majukwaa. Baba alinisimulia nikiwa mkubwa: miaka ya tisini, vile vikundi vikubwa vya sanaa, Muungano na TOT, vikigombania mashabiki, nawe uko kwenye kikundi kidogo kinachozunguka mabaa ya mitaani, usiku mmoja ngoma, sarakasi, taarabu na vichekesho kwa kiingilio kimoja. Skripti hamkuwa nayo. Mnapewa kisa mchana, usiku mnakijaza wenyewe. Kisha babu akaja kukutoa. Baba alipofika hapo alibadilisha mazungumzo.

Basi nikachukua kanga niliyoibeba kwa ajili ya mvua, nikajifunga juu ya jinzi, nikaomba kurudia. Mjumbe akauliza. Nikavuta pindo. Nikafungua, nikachungulia, nikafunga, nikakaza kwa meno. Nilisikia feni. Nikamtazama. "Michango ipi?"

Maiti ndiyo iliyoanza kucheka. Mzee alifufuka mkekani akishika tumbo, mwongozaji akaangusha karatasi.

Jumatatu usiku majina yakarushwa kwenye grupu la WhatsApp. Nimepata, mke wa mwenyekiti. Mwongozaji akaniuliza nimejifunzia wapi nikamjibu, "Nyumbani." Jibu gani hilo. Tangu siku ile linanikaa kooni.

Muuaji usiniulize. Tumekatazwa kusema, hata kule London watazamaji huombwa mwishoni wasiwaharibie ambao hawajaona. Nawe nakujua, ukiambiwa asubuhi, jioni Tanga nzima inalo.

Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi. Shida yangu ni kanga. Hii ni mpya, ina wanga, fundo linateleza kabla sijalifikisha menoni. Naomba ile yako ya msibani, najua hujaitupa. Mpe kondakta wa basi la asubuhi, nitaipokea stendi ya Mbezi. Au panda uilete mwenyewe, ukae kwenye mazoezi uniambie ninapokosea.

Ikija na fundo lake, sitachungulia.

Mtoto wa kaka yako