Kunja karatasi 8 kabla hujamlipa mchoraji

Mama mmoja aliyetaka kujichapishia kitabu cha hadithi ya watoto alitujia sisi wapangaji wa vitabu na picha 21. Alizitoa kwenye bahasha moja moja, akizishika kingoni tu ili vidole visiache alama, akazipanga juu ya meza yetu mpaka meza ikajaa. Zilikuwa picha nzuri kweli. Yule binti wa hadithi alikuwa na uso ambao ukiuona mara moja huwezi kuusahau. Kazi iliyobaki, alituambia, ni kuziweka pamoja tu na kupeleka kiwandani.

Kila picha ilikuwa imechorwa kwa upana ili itandae kwenye kurasa mbili zinazotazamana. Tukachukua penseli tukapiga hesabu mbele yake. Picha 21 mara mbili ni kurasa 42. Ongeza kurasa 3 za mwanzo, 45. Kitabu chembamba kinachopigwa pini katikati huenda kwa mafungu ya kurasa nne nne, kwa hiyo 45 inakuwa 48. Yeye alikuwa amepanga bajeti ya kurasa 32. Kurasa 48 zinakula karatasi mara moja na nusu ya hizo, katika kila nakala.

Halafu likaja la pili. Mchoraji alikuwa amemweka binti katikati ya picha, karibu kila mahali, na katikati ndipo kitabu kinapokunjwa. Kwenye nakala ya majaribio tuliyomtolea siku ile, jicho moja lilibaki ukurasa wa kushoto, jingine la kulia, na pua ikamezwa na mkunjo. Picha 7 ikabidi ziachwe. Nyingine 5 zikachorwa upya. Zote zilikuwa zimeshalipiwa.

Tangu hapo, mwandishi akitujia na hadithi ya watoto anayotaka kuichapisha mwenyewe, swali letu la kwanza halihusu bei wala jalada. Tunamwuliza kama amekunja karatasi.

Maana yake ni hii. Chukua karatasi 8 za A4, ziweke pamoja, zikunje katikati, piga pini mbili kwenye mkunjo. Umepata kitabu cha kurasa 32, saizi ya daftari. Ziandike namba kwa penseli. Ukurasa wa 1 una jina la kitabu. Wa 2 una maelezo ya hakimiliki na ISBN, namba ya kukitambulisha kitabu. Wa 3 ni wa tabaruku, maneno ya kumtunukia mtu kitabu. Hadithi inafunguka ukurasa wa 4 na wa 5, na kutoka hapo hadi wa 30 na 31 una jozi 14 za kurasa zinazotazamana. Ukurasa wa 32 unabaki peke yake mwishoni, mahali pazuri pa sentensi moja ya kufungia au picha isiyo na maneno.

Jozi 14 ndizo kiwanja chako chote. Namba 32 imezoeleka kwenye vitabu vya picha kwa sababu ya mashine: karatasi kubwa moja ikichapwa pande zote mbili na kukunjwa mara tatu hutoa kurasa 16, na karatasi mbili za namna hiyo hutoa 32 bila kubakiza kipande cha kutupa. Unaweza kwenda 24 au 40 ukitaka, lakini amua mapema, maana kila kinachofuata kinategemea uamuzi huo.

Sasa chapa mswada wako, chukua mkasi, ukate hadithi vipande 14, ubandike kila kipande kwenye jozi yake. Hapa ndipo waandishi wengi hunyamaza kidogo. Mswada uliokuwa unatiririka vizuri kwenye kompyuta unaonyesha jozi yenye maneno 160 ikifuatiwa na yenye maneno 9. Jozi tatu mfululizo wahusika wamekaa wanazungumza na hakuna cha kuchora ila watu waliokaa. Jambo kubwa la hadithi, lile lililokufanya uandike, limeangukia kwenye sentensi ya tatu ya aya katikati ya ukurasa wa kushoto, ambako hakuna atakayeliona likija.

Kufunua ukurasa ni kifaa ambacho mwandishi wa riwaya hana. Ukurasa wa kulia ndio unaouliza, na jibu linakaa nyuma yake. Ukiandika "Akasikia kitu kinakwaruza mlangoni" chini ya ukurasa wa 11, basi kinachokwaruza kionekane ukurasa wa 12, si hapo hapo kwenye picha ya wa 11. Tumewahi kupokea mswada ambao ulibadilika kabisa kwa kusogeza sentensi mbili tu mbele, bila neno kuongezwa.

Kitabu chako cha karatasi 8 kikishabandikwa, kiwe na vikaragosi vya penseli tu hata kama hujui kuchora, msomee mtoto. Usimwulize kama amekipenda, kwa sababu watoto wana huruma na watakujibu ndiyo. Tazama mkono wake. Siku moja tulikuwa tunamsomea kijana wa miaka minne nakala kama hiyo, na kwenye jozi ya sita akaishika kona ya ukurasa kwa vidole viwili. Hakufunua. Alikuwa na adabu, alisubiri, lakini vidole vilikuwa pale na karatasi ilianza kujikunja. Msomaji alikuwa bado na mistari minne. Mwandishi wa kitabu alikuwa amekaa pembeni, akaitazama ile kona, akaandika alama kwenye nakala yake. Mistari mitatu kati ya ile minne haipo tena kitabuni.

Kuhusu urefu, tahadhari moja. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye intaneti husema kitabu cha picha kiwe na maneno kama 500, na ushauri huo umetungwa kwa Kiingereza. Kwetu neno moja hubeba sentensi. "Watakaponiona" ni neno moja kwenye hesabu ya kompyuta, lakini mtoto anayeanza kusoma anapanda silabi saba. Hadithi ya maneno 500 ya Kiswahili ni ndefu kuliko inavyoonekana. Kwa kitabu cha kusomewa tunashauri wastani wa maneno 25 hadi 30 kwa jozi, na kwa kitabu ambacho mtoto atajisomea mwenyewe, hesabu silabi badala ya maneno.

Hapo hapo, mwambie mpangaji wa kurasa azime kukatwa kwa maneno mwishoni mwa mstari. Programu nyingi za kupanga kurasa hukata kwa kanuni za Kiingereza, na tumeshaona "ny-umba" na "mtot-o" kwenye prufu za watu, zile nakala za kukagulia kabla ya kuchapa. Silabi zetu huishia na irabu, isipokuwa zile za m na n zinazosimama zenyewe, na mtoto anayefundishwa silabi shuleni atajikwaa hapo bila kujua kosa si lake.

Sasa mchoraji. Ukimpelekea kitabu cha karatasi 8, unampa vitu vitatu ambavyo maelezo ya mdomo hayatoi: idadi kamili ya picha, umbo la kila picha, na nafasi ya maneno. Mchoraji ambaye hajaambiwa maneno yatakaa wapi hujaza picha mpaka kwenye pembe, na ana haki. Kisha tunalazimika kuandika juu ya majani au juu ya nywele za mtu, na hakuna ujanja wa kompyuta unaoweza kuifanya sehemu hiyo isomeke vizuri.

Kabla hajaanza, andikianeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Wengi hudhani kwamba ukishalipia picha basi ni yako. Si lazima iwe hivyo. Chini ya Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao nchi nyingi duniani zimo, hakimiliki huzaliwa kazi inapoumbwa, bila kusajiliwa, na kwa kawaida ni ya aliyeiumba. Unaweza kuwa umenunua mchoro wenyewe na usiwe na ruhusa ya kuutumia kwenye toleo la pili, kwenye kitabu cha kielektroniki, au kwenye tafsiri. Kwa hiyo mkataba useme matumizi gani yanaruhusiwa, kwa muda gani, marekebisho mangapi yamo kwenye malipo, jina la mchoraji litakaa wapi (tunaomba likae jaladani, ni nusu ya kitabu), na kwamba atakabidhi faili asilia zenye matabaka (sehemu za picha zinazoweza kutenganishwa), bila maneno kuchorwa ndani ya picha. Maneno yakikaa kwenye tabaka lake, siku ukipata msomaji wa lugha nyingine unabadilisha maneno na picha zinabaki. Yakichorwa ndani, unaanza upya.

Wengi sasa wanatuuliza kuhusu picha zinazotengenezwa na akili mnemba. Tangu Septemba 2023, Amazon inamtaka mwandishi anayechapisha kupitia KDP, huduma yake ya kujichapishia vitabu, aeleze kama maneno au picha zimetengenezwa hivyo. Na Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani imeshikilia kwamba hakimiliki inahitaji mkono wa binadamu. Sisi msimamo wetu ni kwamba mtoto anamtambua mhusika kwa vitu vidogo, idadi ya vifungo, umbo la sikio, na picha zisizofuatana kwenye vitu hivyo humchanganya. Kazi hiyo tunamwachia mchoraji.

Mambo ya faili tutayapitia haraka, kwa sababu mengi ni yetu kuyashughulikia. Picha iwe na nukta (pikseli) 300 kwa inchi katika saizi halisi ya kuchapwa. Kwa kitabu cha sentimita 21 kwa 21, picha ya kurasa mbili inahitaji takribani pikseli 5,000 kwa upana, kwa hiyo picha iliyotumwa kwa WhatsApp haifai hata kama simuni inang'aa. Picha ipite mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, la sivyo kisu kikisogea kidogo utabaki na utepe mweupe pembeni. Na rangi za skrini si rangi za karatasi. Skrini inatoa mwanga, karatasi inapokea wino wa rangi nne, na kijani kile kikali au buluu ile ya umeme hupoa ikifika kwenye karatasi. Usikubali kuchapa nakala nyingi kabla hujashika prufu ya karatasi mkononi, ukaitazama kwa mwanga wa mchana.

Kuna kosa moja tulilifanya sisi wenyewe, na tunalisema ili lisikupate kwingine. Kwenye kitabu chetu cha mwanzo, herufi nyeusi za hadithi tuliziacha zitengenezwe kwa wino zote nne badala ya nyeusi peke yake. Mashine ilipotikisika kidogo, kila herufi ikapata kivuli chembamba chekundu upande mmoja na cha buluu upande wa pili. Mtu mzima hakuona shida. Watoto walisugua macho. Tulichapa upya kwa gharama yetu, na sasa hatutoi faili bila kukagua hilo kwanza.

Nakala ngapi? Chache kuliko unavyofikiri. Kiwanda cha ofseti, yaani cha mashine kubwa za kuchapa nakala nyingi kwa mkupuo, kitakuonyesha jinsi bei ya nakala moja inavyoshuka ukichapa 2,000, na hesabu yake ni ya kweli, ila haihesabu maboksi yatakayokaa chumbani kwako wala kosa la tahajia utakaloliona wiki ya pili. Beatrix Potter, mwandishi Mwingereza wa vitabu vya watoto, wachapishaji walipoikataa hadithi yake ya sungura, alijichapishia nakala 250 mnamo Desemba 1901, kwenye umbo dogo linaloenea mkononi mwa mtoto. Zilipokaribia kwisha akaongeza 200. Toleo la mchapishaji lilikuja Oktoba 1902. Anza hivyo: nakala 100 au 200 za karatasi kutoka mashine ya dijitali, uza, sikiliza, rekebisha, kisha ndipo uzungumze na ofseti.

Kuchapa nakala moja moja kwa oda kupitia KDP pia ni njia, mradi ujue mipaka yake. Jalada jepesi linaanzia kurasa 24, lakini jalada gumu linahitaji kurasa 75, kwa hiyo kitabu cha picha cha kurasa 32 hakiingii huko. Na ile ISBN ya bure wanayokupa haitumiki nje ya mtandao wao. Ukipanga kuuza shuleni na madukani, tafuta yako kwenye wakala wa ISBN wa nchi yako, moja kwa jalada jepesi, nyingine kwa jalada gumu. ISBN ni namba ya utambulisho tu. Haikupi hakimiliki, na mtu akikuuzia kwa maneno hayo, ondoka.

Sisi tunafanya uhariri wa lugha, mpangilio wa kurasa, kutayarisha faili, na kusimamia prufu kiwandani. Hatuahidi mauzo, na hatuchukui mrabaha (fungu la mauzo) wala hakimiliki ya mtu. Mazungumzo ya kwanza hayana malipo, na tunayafanya juu ya ule mfano wa karatasi 8. Uje nao hata kama umechafuka gundi na mistari imefutwa futa. Kama picha zimeshachorwa, usizibadilishe kwanza. Zilete zote, na mkasi tunao.